Kofi la Mkono wa Kushoto

Kiboko cha kwanza kilimpata Wanyonyi shingoni, akiwa amelala chali kwenye mbao za gati ya Kisumu. Cha pili kilimchana sikio.

"Mlevi wewe!" alifoka nyapara wake, Waliaula. "Saa tatu asubuhi unanuka kama pipa!"

Ni kweli alinuka. Lakini Wanyonyi, jirani yetu wa mtaa wa Manyatta, hakuwa ameonja pombe tangu abatizwe, miaka kumi na miwili kabla ya asubuhi hiyo ya 1953.

Alikuwa mpakiaji wa marobota ya pamba, na ndiye aliyewaimbisha wenzake ili hatua zao zilingane. Kwa miezi mingi kichwa kilimgonga kama nyundo. Alikifunga kitambaa kwa nguvu, akaenda kazini, kwa sababu kwa Waliaula mgonjwa na mvivu walikuwa mtu mmoja. Asubuhi hiyo maneno ya wimbo yalimvurugika mdomoni. Wenzake wakacheka, wakidhani anawatania. Mara mguu wa kulia ukakunjika, robota likamtoka mgongoni na kupasua ubao karibu na kichwa chake.

Rafiki yake Nicodemus alimrukia. Pale gatini, mtu akianguka husuguliwa kifua kwa chang'aa, ile pombe kali, kisha hutiwa funda moja mdomoni ili moyo uamke. Nicodemus alikuwa na kichupa ndani ya koti.

"Omera, ndugu yangu, amka! Usinifanyie hivi!" Alimsugua, akamtia. Nusu ikamwagikia shati. Ndipo Waliaula akafika na kiboko chake, na Nicodemus, akiogopa kufutwa kazi, akaficha kichupa na kunyamaza.

Askari walimburuta Wanyonyi hadi kituoni, kichwa kikigonga ngazi, wakamtupa mahabusu.

Mkewe, Elsie, alikuja mbio, unga ukiwa bado mikononi.

"Afande, mume wangu hanywi."

"Wake wote husema hivyo, mama," koplo alijibu. "Nenda nyumbani. Kesho atakuja mwenyewe kuomba uji."

"Kesho atakuwa maiti. Mama yangu alianguka hivi hivi. Tukamwacha alale, hakuamka."

Koplo akafungua mlango wa mahabusu. "Haya, mlevi, mwite mkeo jina!"

Wanyonyi alifungua mdomo. Ukapinda upande mmoja, mate yakamtoka, na sauti kama ya ndama. Askari wakaangua kicheko.

Elsie akachomoa pini kwenye kitambaa chake cha kichwa.

"Afande, mlevi anaumia miguu yote miwili, au mmoja?"

Akamchoma wayo wa kushoto. Wanyonyi aliupiga ukuta teke, akanguruma. Kisha Elsie akaishika pini kwa vidole viwili, akaisukuma katika wayo wa kulia, polepole, mpaka ikazama nusu. Damu ikatoka. Hakuna kidole kilichotikisika.

Kicheko kikakatika.

"Chomoa, mama! Chomoa!"

"Chomoa wewe."

Koplo hakuichomoa. Alitoka akipiga kelele aletewe mkokoteni.

Hospitalini daktari alisema ni kiharusi: mshipa wa damu umepasuka ndani ya ubongo, na kile kichwa kilichogonga miezi yote kilikuwa damu ikisukuma kupita kiasi. Wangempima mapema, pengine wangemwokoa na haya. Nani angempima? Gati nzima ilikuwa na mizani ya kupimia pamba, na hakuna hata chombo kimoja cha kupimia damu ya wanaoibeba! Tunaambiwa tungoje, nchi inaendelea. Inaendelea juu ya mgongo wa nani? Wewe unayesoma, ukimwona mtu uso umelegea upande mmoja, mkono hauinuki, ulimi mzito, usimnuse. Usimtie kitu mdomoni. Mbebe hospitali.

Wanyonyi hakufa. Upande wa kulia ulikufa, na maneno karibu yote yakaenda. Waliaula bado ni nyapara.

Siku aliporudishwa Manyatta, Nicodemus alikuja, akapiga magoti mlangoni.

"Ni mimi niliyekutia ile pombe, omera. Nikanyamaza ukipigwa."

Mkono wa kushoto ukaruka. Kofi lile nililisikia nikiwa uani kwetu.

Kesho yake Nicodemus alirudi na ndoo mbili za maji, akapigwa tena. Huu ni mwezi wa tano tangu siku hiyo. Kila asubuhi huingia, hupokea kofi lake, ambalo Wanyonyi hulirusha kwa uzito wote wa mwili, ndipo huweka ndoo chini na kumbeba Wanyonyi mgongoni hadi nje kwenye jua. Juzi Elsie alimwambia, "Shemeji, siku moja mkwepe basi."

"Nikikwepa ataanguka," alisema Nicodemus, akainama.