Bu Painem na Upepo Uliokaa Kifuani

Saa tisa alasiri, Bu Painem amepiga magoti mkekani, kidole gumba kimezama begani mwa dereva wa lori la matofali. Dereva anaguna. Amekuja kukwaruzwa mgongo kwa sarafu na mafuta, dawa ya kila mtu hapa anayesema upepo umemwingia.

"Kwanza niambie, kifua kinabana? Mkono unakufa ganzi?"

"Aa, Bu, mgongo tu! Mbona unanihoji kama polisi?"

"We jibu. Kuna upepo na kuna moyo."

Kifua hakibani. Basi anakwaruzwa, mistari myekundu inajitokeza, naye anapiga mbweu ya raha, ishara kwamba upepo unatoka.

Painem, mwenye miaka sitini na mitatu, ambaye wote humwita Bu, yaani Mama, ni mkandaji katika kitongoji kimoja nje ya mji wa Klaten, kisiwani Java. Wateja humlipa rupia chache, wengine humletea mchele. Sifa za mikono yake zimevuka reli. Kwa mikono hiyohiyo, miaka minne iliyopita, alimkwaruza mumewe, Sarjono, mpaka mwili ukawa wa baridi.

Sarjono alianguka jikoni akikoroga kahawa. Majirani walijaa, na wote walikuwa na jina moja mdomoni: angin duduk, upepo uliokaa. Mkandaji yupo, sarafu ipo. Nani angewaza lingine?

"Nilikwaruza kwa nguvu zangu zote," anasema. "Nikasubiri mgongo uwe mwekundu. Wapi! Nikazidi tu, huku namgombeza: piga mbweu, mzee, piga mbweu!"

Baadaye muuguzi wa zahanati alimweleza kwa upole kwamba moyo ulikuwa umesimama, na kwamba mtu yeyote pale jikoni angeweza kumbonyeza kifua. Huenda angepona, huenda asingepona. Hilo "huenda" ndilo linalomtafuna mpaka leo.

Alimwomba muuguzi huyo amfundishe. Mtu akianguka, haitiki wala hapumui sawasawa, mmoja apige simu, mwingine aweke viganja, kimoja juu ya kingine, katikati ya kifua. Abonyeze kwa nguvu, harakaharaka, akikiacha kifua kiinuke kila mara, asiache hadi gari la wagonjwa lifike.

Sasa mteja akishakandwa, habanduki bila somo. Painem hufundishia mto mrefu wa sufi, ule ambao Wajava hulala wameukumbatia. Ulikuwa wa Sarjono.

"Hauna wa kuukumbatia tena," anasema. "Bora ufanye kazi."

Binti yake wa pekee yuko kiwandani Batam, kisiwa cha mbali, huja sikukuu ya Idi akipata nafasi. Wateja humsifu Painem kwamba hakandi kwa kutazama saa. Hawajui kwamba anachelewa kumaliza kwa sababu wakiinuka wataondoka, na nyumba itabaki na sauti ya redio tu. Akiulizwa, upweke huo anausema wazi, bila kuomba huruma.

Mwanafunzi aliyemsumbua kuliko wote ni Jumeri, jirani wa nyumba ya pili, mtengeneza tempe, vile vipande vya soya iliyochachushwa. Kwa mwaka mzima amekuwa akimkwepa.

"Naona aibu, Bu," anasema Jumeri mlangoni, alasiri hiyohiyo. "Nitaanzaje kumshika kifua mwanamke asiye wangu?"

"Kwani nina mume wa kukufukuza na panga? Nikizikwa na heshima zangu, zitanisaidia nini?"

Mke wa Jumeri anadakia kutoka ng'ambo ya ukuta: "Ingia ukafunzwe! Soya unazikanyaga kutwa, kifua cha mtu ndicho kikushinde?"

Dereva anacheka mpaka anashika mbavu. Jumeri anapiga magoti, anaugusa mto kwa ncha za vidole.

"Unaubembeleza ulale? Bonyeza!"

"Nitavunja mbavu, Bu."

"Vunja! Mbavu huunga."

Anabonyeza. Jasho linamtiririka, pumzi zinamwishia, na Painem hamruhusu kuacha. Akichoka, dereva anampokea.

Painem ana mpango wa kuzipitia nyumba zote za safu hii kabla ya mwezi wa Ramadhani, pamoja na wale wanaomwona amechanganyikiwa kwa majonzi. Lakini wageni wanapoondoka na mto kurudi kitandani, anakiri kwamba hamu yake kubwa ilikuwa kumpata Jumeri.

"Ukuta wetu ni mmoja," anasema. "Sarjono alipoanguka, nilikuwepo mimi. Nikianguka mimi, kishindo atakisikia yeye."