Vijiti vya Beldina

Beldina Nasike amepigia kwaya yetu ya kanisa la Otonglo ngoma miaka ishirini na sita. Siku zingine anauza omena, dagaa wa ziwani, kando ya barabara. Noti za muziki hajui kusoma. Anatazama miguu yetu. Tukiingia kanisani tukicheza, anapiga mara mbili kabla mguu wa kulia haujagusa chini. Hayo mapigo mawili ndiyo hutuinua.

Mwaka huu mashindano ya kwaya yalitaka kila wimbo uandikwe, hata ngoma. Mwalimu wetu, Okinyi, akamkalisha Beldina peke yake, akamrekodi kwa simu, akaandika kwenye kompyuta: pigo la katikati ya ngozi kiduara, la ukingoni kimsalaba. Kazi safi, nakubali. Lakini hapakuwa na mtu wa kucheza, kwa hivyo sauti ya kwanza aliyoisikia akaihesabu moja, kana kwamba ndipo mguu unagusa chini.

Mazoezini kompyuta ikalia, Beldina akaambiwa aifuate. Akapiga kama kawaida yake.

"Mama, unaanza mapema," Okinyi akamwambia.

"Mapema kuliko nani?"

"Kuliko kompyuta."

"Kwani hiyo imeokoka lini?"

Tulicheka. Okinyi hakucheka. Alisema mbele ya watu wote kwamba Mama hawezi, Sheryl, msichana wa kwaya aliyesoma noti, ndiye atapiga mashindanoni.

Mungu anisamehe, nilimkasirikia. Okinyi mwenyewe alibatizwa Beldina akipiga.

Beldina alimpa Sheryl vijiti. "Piga vile karatasi inasema, mwanangu."

Sheryl akapiga bila kosa. Tukaanza kuingia. Ngoma ikisema chini, miguu iko juu. Milka akamkanyaga mwimbaji mwenzake Wekesa, tukakwama mlangoni. Tukarudia, tukakwama tena.

"Mwalimu," nikamwambia, "ulimrekodi mtu amekaa kitini. Ingia mstarini ucheze wewe."

Aliingia. Hatua ya tatu akasimama. Akarudi kwenye kompyuta, akayasogeza yale mapigo mawili yakatangulia kuhesabu. Ikalia sawasawa.

"Mama, njoo upige. Kompyuta ilikosea."

"Kompyuta haikusema siwezi," Beldina akasema. "Ni wewe ulisema."

Hakuinuka.

"Nisamehe, Mama," Okinyi akasema chini chini.

"Wekesa yuko nyuma, hajasikia."

Akasema tena, kwa sauti. Ndipo Beldina akanyoosha mkono, Sheryl akampa vijiti.