Plagi Iliyojizima kwa Mama Mkwe

Siku moja naikumbuka, mwanangu, hata ninapotaka kuisahau. Mvi nilikuwa nazo tayari. Ujana ulikuwa umebaki mdomoni tu.

Nilikuwa nimenunua pikipiki ya umeme ya kubebea madafu kutoka Tezo hadi Malindi, kwa bei niliyoipunguza hadi muuzaji akanikabidhi funguo bila kunitazama. Mchana nikiichaji kwa mama mkwe, Barani. Naichomeka ukutani, naenda zangu sokoni. Nikirudi, betri nusu. Kesho yake vilevile. Mimi mtu wa kuhesabu mara mbili, na mara zote mbili hesabu ilimwangukia yeye: mama anazima, anazionea uchungu tokeni zake za umeme.

Basi nikasema, tena mbele ya majirani zake waliokuwa wakichambua mchele: "Mama, kama ni tokeni, si ungeniambia? Huku kunizimia kimyakimya ni kwa nini?"

Wanawake wakaacha kuchambua. Mama alijitanda leso yake, akanyanyuka taratibu, akanipeleka ndani kwenye plagi.

"Njoo, Baba Rehema. Sogeza mkono hapa. Polepole, usije ukasema nimekuchoma pia."

Swichi ilikuwa vilevile nilivyoiwasha. Lakini plagi ilifukuta kama kikombe cha chai kilichomiminwa sasa hivi, na soketi ukutani ilikuwa imelegea, imeanza kuiva rangi ya kahawia.

"Inajizima yenyewe," akasema. "Ndani mna kidude kinachoonja joto. Likizidi, kinakata, nyumba isiungue. Nimeshamwita fundi abadilishe soketi. Sikukwambia, maana ungebishana naye bei."

Mwanangu, uso wangu ulikuwa na moto kuliko ile plagi, wala haukuwa na kidude cha kuukata. Niliomba radhi mbele ya wale wale wanawake. Mama akasema yamekwisha, nikale. Wali ule sikuujua ladha yake, na hadi leo nikipita ua ule nainamisha kichwa.

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Plagi ya chaja ikijizima, usiilazimishe, wala usitafute wa kumlaumu, imekuonya. Zima swichi, ita fundi aangalie soketi na waya. Na hapo usipatane bei mno. Nakwambia mimi, nisiyemwachia mtu hata shilingi.

Mola akujalie nyumba isiyonuka moshi, mkwe mwenye subira, na ulimi unaojua kujizima kabla haujaunguza mtu.