Taa Iliyowaka Tukishuka Suji

Jumatatu asubuhi, kona ya tatu tu tukishuka kutoka Suji, taa ya injini ikawaka na mama akaniamuru nimrudishe nyumbani.

"Ile ya njano pale," alisema. "Mtoto wa jicho kanifunika macho yote mawili, lakini hiyo naiona."

Mwaka uliotangulia gari hilohilo lilituzimikia mlimani, tukashinda na njaa kando ya barabara. Hakusahau. Madaktari wa macho waliokuja hospitali ya Same wangeondoka Ijumaa. Nilimrudisha, nikashuka peke yangu hadi kwa fundi mjini nikiwa nimeuma meno.

Taa ile ilikuwa imenichosha kwa miezi. Huwaka asubuhi nikishuka mlima. Nikishinda siku mbili tatu mjini, inazima yenyewe, nami naonekana mzushi. Fundi alishabadilisha plagi zote na sensa moja ya injini. Kila nikienda huchomeka mashine yake ya kupimia, anafuta kumbukumbu, basi.

"Mwalimu, gari zima hili. Labda tukupime wewe presha," hunitania.

Safari hii nilimshika mkono kabla hajafuta. "Soma kwanza. Kwa sauti."

Akasoma, akasoma tena. Mashine ilisema injini haipati moto wa kutosha.

Hapa nieleze kidogo, maana kosa hili tunalifanya wengi, na wala si aibu kulijua umechelewa. Kwenye njia ya maji yanayopoza injini kuna kifaa kidogo, thamostati. Ni kama mlango: injini ikiwa baridi unafungwa, ikipata moto unafunguka. Sisi wa milimani tunaogopa gari kuchemsha tukipanda, kwa hiyo tukinunua gari lililotumika, jambo la kwanza ni kung'oa mlango huo na kuutupa. Maji yanapita muda wote. Kwenye joto la Same huoni tatizo. Lakini shuka Suji asubuhi ya baridi, mguu haukanyagi mafuta, injini inapoa kupita kiasi. Gari linalalamika, na lina haki.

"Nani alikitoa?" fundi aliuliza.

"Si ni wewe!" nilimjibu.

"Nilikukataza. Ukaniambia, 'Toa, mimi ni mtu wa mlima, unanifundisha nini?'"

Kweli nilisema. Miezi yote ile nililitukana gari kwa kosa langu mwenyewe, na sensa isiyo mbovu nikaitupa.

Same nzima nilizunguka, kifaa hakuna. Kilikuja kwa basi kutoka Moshi Jumatano mchana. Fundi akakifunga, nikapanda Suji jioni ileile.

Alhamisi asubuhi mama alikubali kwa sharti moja: taa ikiwaka anashuka hapohapo, anarudi kwa miguu. Alikaa mbele, ameinama hadi paji la uso likakaribia dashibodi.

"Imewaka?"

"Bado, mama."

"Bado! Kwa hiyo itawaka?"

"Haijawaka. Haitawaka."

Kona iliyofuata akauliza tena, na nyingine tena. Mimi nilijibu kwa sauti ya utulivu, lakini jasho lilikuwa limelowesha usukani. Tulifika tambarare bila taa. Hospitalini alifungua mlango kabla sijazima injini, akasimama juani akiwa ameshika fimbo yake.

"Usikae unalitazama gari," alisema. "Nionyeshe foleni iko upande gani."