Kina Duckworth Wawili

Beverley Kershaw amewapakulia watoto wa shule ya Hollinshaw chakula cha mchana kwa miaka thelathini na mmoja, na kama kuna mtu katika mji ule wa jimbo la Lancashire, Uingereza, anayejua mtoto gani akae na nani mezani, basi ni yeye. Walimu wana vyeti vyao, Beverley ana upawa na macho. Akiona mtoto mkorofi anarusha njegere, hamfokei. Anamhamisha tu, anamketisha ubavuni mwa mtoto mtulivu, na baada ya wiki mbili utadhani wamezaliwa tumbo moja.

Ujuzi huo ndio aliouingiza kwenye gemu la mumewe.

Neville alikuwa dereva wa basi mpaka mgongo ulipomwambia basi. Alipostaafu alihamia mbele ya kompyuta, akawa kocha wa Hollinshaw Town katika gemu la kuendesha klabu ya mpira, lile ambalo hupigi mpira wenyewe: unanunua wachezaji, unauza, unapanga kikosi, unabonyeza kitufe cha kuendelea na siku zinapita. Beverley alikuwa akipita na chai yake, akimcheka. Mwanamume mzima anakosa usingizi kwa ajili ya watu ambao hawapo! Mpaka siku moja akachungulia orodha ya timu ya vijana, akauliza, "Na hawa watoto, nani anawaangalia?"

Hakuna aliyekuwa akiwaangalia. Neville alipenda majina makubwa, na vijana aliwaacha wajikuze wenyewe kama magugu. Tangu siku ile wakagawana kazi: kikosi cha kwanza cha Neville, watoto wa Beverley. Na bila kumvunjia heshima mzee wa watu, klabu ilianza kupanda madaraja baada ya hapo, wala si kabla.

Walikula kiapo kimoja. Hakuna kurudi nyuma. Gemu lile hukuruhusu kuhifadhi, na ukiharibu unaweza kufungua ulipohifadhi na kuanza upya kana kwamba hukukosea. Wenye gemu lao huiona hiyo kuwa aibu kuliko kushuka daraja. Neville alipopoteza fainali kwa penalti aliomba mara moja tu, machozi yakimlengalenga, na Beverley akamkatalia.

Kisha akaja Alfie Duckworth. Kompyuta ilimleta pamoja na vijana wapya wa mwaka ule, winga wa miaka kumi na mitano, mbio anazo, akili haijatulia. Ripoti ilisema ni mkaidi na hapendi mazoezi. Neville alitaka kumtema. Beverley akasoma ripoti ile, akaona anamjua mtoto huyo, amempakulia mara elfu. Akamweka katika kundi moja la malezi na Dermot Halpin, nahodha wa miaka thelathini na mitano.

"Halpin nilikuwa namwacha aende," Neville alisema. "Miguu imekwisha."

"Sihitaji miguu yake. Atakaa na mtoto wangu."

Misimu mitatu Halpin akalipwa kwa kukaa. Alfie akapelekwa kwa mkopo daraja la chini ili acheze kila Jumamosi, akarudishwa kwa Halpin, akapelekwa tena. Alipotimiza miaka kumi na minane ripoti ilisema: kijana mtulivu, anajituma. Beverley aliisoma kwa sauti mara mbili, na ya pili haikuwa kwa ajili ya Neville.

Alhamisi moja alirudi kutoka kazini saa tisa na nusu, mvua imemlowesha, akamkuta Neville ameketi mikono magotini, televisheni imezimwa.

"Mgongo?"

"Mgongo hauna neno. Bibie, kaa kwanza."

"Nikisimama hutasema?"

"Nimemuuza Duckworth."

"Craig? Si nilikwambia umuuze tangu mwaka juzi?"

Neville akatazama zulia. "Si Craig."

Hapa lazima mtu auelewe mji ule. Ukirusha jiwe Hollinshaw linampata Duckworth, na atakayekuja kukugombeza ni Duckworth pia. Kompyuta nayo ilijua, ikawapa wawili: Alfie, na Craig, beki wa kushoto wa miaka thelathini na minne anayegeuka kama lori. Ofa ilitoka klabu kubwa ya London, na ujumbe ulitaja jina la ukoo tu. Neville, aliyekuwa amesubiri miezi mitatu atokee yeyote wa kumchukua Craig, alibonyeza kukubali kabla hajameza biskuti. Haraka haraka haina baraka, lakini nenda kamwambie dereva wa basi.

"Neville. Klabu kama ile imtake Craig?"

"Nilidhani wamechanganyikiwa. Nikasema niwahi kabla hawajashtuka."

Wakati mwingine Beverley angecheka mpaka akae chini. Sasa aliumia, akaona haya kwamba ameumia.

"Nilihifadhi asubuhi," Neville alisema polepole. "Narudi nyuma, dakika moja. Ile fainali sitakukumbusha kamwe."

"Utanikumbusha."

"Ndiyo, nitakukumbusha. Lakini utakuwa naye."

Alitaka. Tusimpambe, alitaka sana, na mkono wake ulikwishafika kwenye kompyuta. Kisha akauondoa.

"Hapana. Nikimrudisha hivyo nitakuwa nimemwiba. Endelea."

Lilibaki jambo moja tu. Klabu zikishakubaliana, kocha hana la kusema tena, mchezaji mwenyewe ndiye anayeamua. Na kijana gani wa miaka kumi na minane huikataa London?

Neville akabonyeza. Siku ya kwanza: mazungumzo yanaendelea. Siku ya pili: yanaendelea. Beverley alikuwa bado amevaa koti, maji yakidondoka kwenye zulia, na hakuna aliyemkanya.

Siku ya tatu ujumbe ukaingia. Neville akausoma, akamgeuzia mkewe kioo cha kompyuta.

Alfie Duckworth amekataa kujiunga na klabu hiyo. Anasema ana deni la fadhila kwa waliomlea, na anaona furaha yake ipo Hollinshaw.

Beverley akashusha pumzi ndefu, kisha akalia kidogo na kucheka kidogo. Miaka thelathini na mmoja amewapa watoto wa watu viazi na kasta, wanakua, wanahama, wanapishana naye sokoni bila kumtambua, na hajawahi kulalamika, maana ndivyo watoto walivyo. Huyu ameulizwa na London, akasema anabaki. Kwamba hayupo duniani, hilo halikumpunguzia Beverley furaha hata chembe.

"Kazi ya Halpin hiyo," alisema, akivua koti.

"Kazi yako," Neville akasema. "Nikutengenezee chai?"

"Tengeneza. Na hiyo kompyuta iache hapo hapo. Craig nitamuuza mwenyewe."