Mwalimu wa Nidhamu na Mabega ya Wavulana

Mwalimu wetu wa nidhamu hagongi mlango. Anachungulia dirishani nikifundisha hisabati, ananyoosha kidole laini kisichojua jembe wala chaki, na kuchagua: “Wewe, wewe, na wewe mrefu, mukuje! Mwanaume ni mabega.” Mchele umefika, wavulana wanatoka. Madawati yahamishwe, wavulana wanatoka. Gari lake likigoma kwenye mwinuko wa Gikondo, wanatoka hata ambao hawakuitwa. Wasichana anawapungia mkono kwa upole wa padri: “Ninyi musome, mabinti.” Wavulana wakirudi hunikuta nimeshafuta ubao. Siku ya matokeo anayasoma kwa sauti inayofika hadi kwenye magereji ya jirani, akijipangusa jasho kama aliyebeba magunia ni yeye: “Wavulana wa siku hizi wana laana gani?”

Jumamosi aliitisha kikao cha wazazi kuhusu laana hiyo. Mgeni rasmi, mama mmoja mtaratibu, akaomba kwanza amsikie mvulana yeyote akijisemea mwenyewe. Ukumbini walikuwepo wazazi na wasichana tu. Mwalimu wa nidhamu akazungusha macho. “Wavulana wako wapi?” Gaju, msichana aliyekaa mbele, akasimama. “Wako nje, mwalimu. Wanaosha magari ya wageni. Ni wewe uliwatuma.” Mwalimu wa nidhamu akamtazama kama hakusikia, akawageukia wazazi, akafungua viganja vyake visafi. “Munaona, wazazi? Hata kikao chao wenyewe kinawashinda.”