Mistari Miwili Myekundu

Jirani yangu, dereva wa basi la Kumasi kwenda Accra, hagusi uji wake wa asubuhi kabla ya kusoma simu. Mashine inayompulizia hewa usingizini hutuma humo taarifa za usiku, na daktari hatamrudisha kwenye usukani mpaka ziwe safi. Pumzi yake haikatiki tena. Kinachomsumbua ni mistari miwili myekundu: barakoa ya mashine inavuja hewa. Huifuta mistari hiyo kwa kidole gumba kana kwamba ni uchafu wa kioo, kisha hukaza mikanda ya barakoa. Leo alimlalamikia mkewe.

"Mama Afriyie, hii barakoa ni mbovu."

"Si mbovu. Mimi ndiye ninayeivuta usiku."

"Wewe? Unataka nikose kazi?"

"Umekoroma miaka yote, mzee. Sasa umenyamaza, nitajuaje kama uko hai?"

Uji ulipoa.

"Basi niwekee mkono kifuani," mumewe alisema, akaanza kulegeza mikanda.